Mbwa Aliyekimbia na Uthibitisho

Duka la Mama Mapacha lilikuwa jembamba kama kabati. Taa, swichi, soketi na roli za nyaya zilijaa ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Mteja mwenye mwili mkubwa aliagiza akiwa nje na kupokea akiwa nje. Ndani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya mumewe.

Mume huyo alikuwa fundi umeme. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba hakuna fundi mwingine duniani. Kila asubuhi alipita dukani kuchukua vifaa kabla ya kwenda kazini.

"Umechukua testa?" mkewe alimwuliza.

"Niisahau testa? Bora nisahau suruali."

"Suruali ukiisahau utachekwa tu, Baba Mapacha."

Testa ni bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Ikigusa waya wenye umeme, taa inawaka. Fundi hakushika waya wowote kabla ya kuupima. Mwenye nyumba angeweza kuapa kwamba waya ule ulikufa zamani. Fundi alimsikiliza kwa adabu, akazima swichi kuu, kisha akapima. Hata testa yenyewe aliijaribu kwanza kwenye soketi nzima, asije akadanganywa na testa mbovu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kinyozi wa kona ya pili. Watu walimwita Hoja. Wembe wake ulikuwa mkali, ila ulimi wake uliushinda. Ukikaa kwenye kiti chake, ulinyolewa nywele na mawazo pamoja.

Siku hizo Hoja alikuwa ameokota jambo jipya kwenye simu. Alisema virusi havileti ugonjwa wowote.

"Mimi sidai kitu," aliwaambia wateja. "Wanaodai ni wao, madaktari. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mimi nimekaa, nimekunja mikono, nasubiri waulete."

"Lakini hujakunja mikono," mteja mmoja alimwambia. "Mkono mmoja umeshika wembe shingoni mwangu."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Alikuwa mtu asiyependa kumezeshwa jambo bila kuonyeshwa. Akaanza kulirudia nyumbani, mezani, hata kitandani. Mama Mapacha alilisikia mpaka akalizoea, kama mtu anavyozoea bomba linalovuja.

Kisha siku moja, kabla ya saa sita mchana, Fundi alirudi dukani akichechemea. Suruali yake ilikuwa imechanika chini ya goti. Kwenye shavu la mguu alikuwa amejizungushia tepu nyeusi ya umeme, ile ya kufungia nyaya.

"Mguu una nini?"

"Mbwa. Kitu kidogo."

"Mbwa wa nani?"

"Sijui. Si wa mtaa huu. Nilikuwa nashuka ngazi, nyuma ya kwa Hoja pale. Akaja anayumba kama mlevi. Akauma kwanza mguu wa ngazi, akaona wa kwangu ni laini zaidi."

"Alibweka?"

"Hakubweka. Alikuwa ameachama tu, mate yanamwagika. Akamgeukia mbuzi wa Hoja, akamng'ata shingoni. Watu wakamfukuza kwa mawe, akapotelea bondeni."

Mama Mapacha aliacha alichokuwa akikifanya. Alikuwa amesikia habari za mbwa wa namna hiyo. Mbwa anayeuma bila kuchokozwa, anayeuma hata mbao, anayetoka udenda na kuyumba, huyo hafai kuchekewa.

"Twende zahanati," alisema. "Sasa hivi."

"Kufanya nini?"

"Kuchomwa sindano ya kichaa cha mbwa."

Fundi alikaa juu ya roli ya waya. "Hoja yeye anasema kichaa cha mbwa ni njaa na jua. Mbwa anakaa siku nyingi bila kula, jua linampiga utosini, anachanganyikiwa. Kirusi nani amekiona? Wakitaka kunichoma, kwanza wathibitishe."

Mama Mapacha alimjua mumewe. Ukimsukuma, anaongeza uzito. Angeweza kulia, angeweza kuwaita wakwe. Kabla ya hayo kumaliza kazi, jioni ingekuwa imeingia. Alichukua ufunguo wa duka ukutani.

"Haya," alisema kwa utulivu. "Basi twende ukawaambie hivyohivyo. Wathibitishe mbele yako."

Fundi alimtazama kwa mashaka. Lakini mabishano yalikuwa yanamwita. Alisimama.

"Twende," alisema. "Leo watanijua."

Zahanati haikuwa mbali. Ilikuwa na chumba kimoja cha kungojea, benchi mbili, na sinki jeupe lenye bomba pembeni ya mlango wa ndani. Muuguzi wa pale aliishi nyuma ya duka lao. Yeye na Mama Mapacha walichukuliana kama dada, kwa hiyo Fundi alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, umekuja kututengenezea ile taa?" muuguzi aliuliza. Kisha akauona mguu. "Hiyo tepu ni ya nini?"

"Ameumwa na mbwa," Mama Mapacha alisema. "Mbwa hajulikani, na amekimbia."

"Nimekuja tujadiliane," Fundi alisema.

"Tutajadiliana. Mguu kwanza, mdomo baadaye. Kaa hapa, nyoosha mguu kwenye sinki." Muuguzi alivaa glavu, akaanza kubandua tepu. "Nani alikufunga hivi?"

"Mimi mwenyewe. Tepu hiyo haipitishi umeme."

"Wala haipitishi maji wala sabuni. Ndiyo kwanza umeufungia uchafu ndani. Kidonda cha mbwa hakifungwi hivi, shemeji. Kinaoshwa palepale, kwa maji yanayotiririka na sabuni, robo saa nzima. Hapohapo, hata kabla ya kuja huku."

Akafungulia bomba. Maji yalipiga kwenye matundu ya meno, na Fundi akauma mdomo.

"Kuosha sikatai," alisema. "Uchafu nauona."

"Vizuri. Basi wakati maji yanafanya kazi yake, sema ya kwako."

Fundi alijiweka sawa, mguu ukiwa ndani ya sinki. Akasema kwamba anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Akasema wao wauguzi wanadai kirusi kipo na kinaleta kichaa. Yeye hadai kitu. Kwa hiyo mzigo ni wao.

Mama Mapacha alitegemea muuguzi atakasirika. Muuguzi hakukasirika.

"Hilo ni kweli," alisema. "Mzigo ulikuwa wetu."

Fundi alikuwa amejiandaa kupingwa. Sasa hakujua aweke wapi mikono.

"Ulikuwa?" aliuliza.

"Ulikuwa. Ulishabebwa, ukafikishwa. Sikiliza. Watafiti walichukua majimaji kutoka kwa wanyama waliokufa kwa ugonjwa huu. Wakayachuja kwa chujio lenye matundu madogo mno. Bakteria ni wadudu wadogo, huwaoni kwa macho, lakini kwenye chujio lile hawapiti. Kilichopita kikatiwa kwa mnyama mzima. Akapata ugonjwa uleule, akafa kwa dalili zilezile."

"Ngoja kwanza. Labda mnyama yeyote ukimtia majimaji ya mwenzake anakufa." Fundi aliinua kidole. "Testa yenyewe mliijaribu?"

Muuguzi alitabasamu. "Hapo umeuliza kama mtu wa vipimo. Ndiyo. Wengine walitiwa majimaji ya mnyama mzima, kwa njia ileile. Hawakupata kichaa. Baadaye zikaja darubini zenye nguvu sana, na kirusi chenyewe kikaonekana. Kina umbo kama la risasi. Kinakutwa kwenye ubongo na mate ya wagonjwa. Kwa wazima hakikutwi. Na majaribio hayo hayakufanywa na mtu mmoja. Yalirudiwa nchi nyingi, na watu wasiopendana."

"Mimi sikuwepo."

"Hukuwepo hata walipoweka mitambo ya umeme. Uthibitisho ukishaletwa, una haki ya kuukagua. Fungua mzigo, angalia ndani, toa kilichooza ukikiona. Ila huwezi kukaa umeupa mzigo mgongo na kusema hakuna aliyeleta kitu."

Maji yaliendelea kutiririka.

"Jambo jingine," muuguzi alisema. "Huyo rafiki yako anasema hadai kitu. Si amesema ni njaa na jua?"

"Amesema."

"Basi naye amedai. Mzigo wake uko wapi? Mbwa wangapi wanalala njaa hapa mtaani na hawaumi ngazi? Mbwa aliyeshiba naye akiumwa na mgonjwa, kwa nini naye anaugua? Mwulize hayo, siku utakayokwenda kunyolewa."

Fundi alikuna kidevu. Lakini hakuwa mtu wa kusalimu amri mapema. Alikuwa na risasi moja iliyobaki, na Mama Mapacha aliiona ikija usoni mwake.

"Haya, tuseme kirusi kipo," alisema taratibu. "Tuseme kinaleta ugonjwa. Hiyo ni habari ya mbwa kwa jumla. Mimi nauliza huyu wa leo, aliyeniuma mimi. Thibitisha kwamba huyu alikuwa nacho."

Muuguzi alifunga bomba.

"Siwezi," alisema.

"Umeona?"

"Siwezi, shemeji. Kumpima mbwa kwa uhakika, lazima uchukue ubongo wake. Mbwa amekimbia, na uthibitisho amekimbia nao kichwani. Nikikupima wewe leo, kipimo hakitaonyesha kitu. Kirusi kinatambaa kwenye mishipa ya fahamu kimyakimya. Kinaweza kuchukua wiki, kinaweza kuchukua miezi. Siku kitakapojionyesha, utaogopa maji na koo litakubana. Uthibitisho utakuwa umeupata. Lakini hapo hatuna dawa ya kukurudisha. Karibu wote hufa."

Alisema hivyo bila kuinua sauti. Fundi aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

"Sasa mnataka nichomwe kwa kitu kisichojulikana," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Ndipo Mama Mapacha alipofungua mdomo.

"Baba Mapacha. Umeingia kwenye nyumba ya mtu. Umekuta waya umening'inia ukutani, ncha iko wazi. Mwenye nyumba anasema hauna umeme. Nani athibitishe?"

"Yeye anayesema hauna."

"Kwa nini si wewe?"

"Kwa sababu anayeushika ni mimi. Akikosea yeye, nakufa mimi."

"Na ukiuhesabu una umeme, kumbe hauna?"

"Nimepoteza dakika chache. Nimetembea mpaka kwenye swichi kuu nikarudi." Alikomea hapo. Alikuwa ameshaona anakopelekwa, na hakukupenda. "Lakini mimi nina testa, mama. Nikipima najua."

"Ndiyo. Na siku umeiacha testa nyumbani?"

"Sijawahi kuiacha."

"Tuseme umeiacha. Hakuna testa mtaa mzima. Na waya lazima uushike. Unafanyaje?"

Hili lilikuwa swali la kazi yake, na katika kazi yake hakujua kudanganya.

"Nazima meini kwanza, ile swichi kuu," alisema mwishowe. "Hata kama mwenye nyumba ananicheka."

"Basi mbwa huyu hana testa," mkewe alisema. "Na anayesema hakuwa na ugonjwa ni Hoja. Mguu si wa Hoja."

Muuguzi hakupoteza muda. "Sindano ndiyo kuzima meini," alisema. "Inaufundisha mwili kukizuia kirusi kabla hakijafika kwenye ubongo. Ukikosea kwa kuchomwa, utaumwa mkono siku moja, mbili. Ukikosea kwa kutochomwa, hakuna kosa la pili."

Fundi akaanza kukunja mkono wa shati, kwa ukali, kama anayejiandaa kupigana.

"Chomeni," alisema. "Lakini Hoja asiambiwe kwamba nilishindwa."

"Hukushindwa," mkewe alisema. "Umejiuliza swali ukajijibu."

Muuguzi alimchoma sindano ya kwanza mkononi. Kisha akaleta dawa nyingine, akaichoma kuzunguka kidonda chenyewe, kwa sababu ngozi ilikuwa imetoboka na kutoka damu. Hiyo iliuma zaidi. Fundi alikodolea macho dari, akasema kwa meno yaliyobana kwamba aliyefunga ile taa hakujua kazi. Akaambiwa siku za kurudi. Akaambiwa pia kwamba sindano zinafaa zikikamilika. Kuacha katikati ni kama kuzima taa ya sebuleni tu na kusema umezima meini.

Hoja alijua kabla ya jua kuzama. Mtaani habari haisubiri kualikwa.

"Nasikia umefanywa kijaluba cha sindano," alisema Fundi alipopita. "Walikuthibitishia?"

"Walinithibitishia nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Imekimbilia bondeni. Wewe, mbuzi wako yukoje? Naye aliumwa."

"Mzima kama wewe. Anakula kuliko wewe. Tena yeye hakuchomwa kitu." Hoja alipangusa wembe. "Mlinganishe mbuzi wangu na wewe. Utaona nani alidanganywa."

Fundi alimwuliza habari ya njaa na jua: mbona mbwa walioshiba nao wanaugua? Hoja akasema hilo ni swali la siku nyingine. Watu kwenye benchi walicheka, na wengi walikuwa upande wa Hoja. Mbuzi alionekana kule nyuma, anatafuna boksi, damu ya kidonda cha shingoni imeshakauka.

Fundi alirudi zahanati siku zote alizopangiwa. Kila safari alipita mbele ya kinyozi, na kila safari alipigwa neno. Alikuwa na hasira, maana hakuwa na cha kuwaonyesha. Hakuugua, lakini kutougua hakuthibitishi kitu. Jambo hilo lilimkera kuliko sindano.

"Labda mbwa alikuwa mzima," alimwambia mkewe siku ya sindano ya mwisho. "Sitajua maisha yangu yote."

"Usijue," Mama Mapacha alisema, akimpa mteja soketi. "Mimi kutojua huku nimekupokea kwa mikono miwili."

Wiki zilipita. Kisha mbuzi wa Hoja akakataa maji.

Mwanzoni alisimama tu, kichwa amekisukumia ukutani. Sauti ikakauka, akawa analia kama mlango usio na mafuta. Udenda ukaanza kumtoka. Hoja alifikiri amemeza mfuko wa plastiki. Alimshika, akaingiza mkono kinywani mwake mpaka kooni, akatafuta. Hakukuta kitu. Asubuhi iliyofuata mbuzi alikuwa amekufa.

Majirani walimwita mtaalamu wa mifugo. Alikuja na glavu na ndoo yenye mfuniko. Alikataza mtu yeyote kuchuna wala kula nyama ile. Akakichukua kichwa kukipeleka maabara, mwili ukafukiwa shimo refu.

Saa hiyohiyo Hoja alitokea dukani kwa Mama Mapacha. Fundi alikuwepo, anapanga vifaa. Hoja alisimama barazani, mkono mmoja ameuficha mfukoni.

"Shemeji, habari za hapa," alisema.

"Salama, shemeji. Pole na mbuzi."

"Ndiyo hivyo." Hakuingia. Alitazama taa zilizoning'inia kama mtu anayechagua. "Fundi. Kile chumba cha kule zahanati, wanafunga saa ngapi?"

Fundi aliacha vifaa. "Toa huo mkono."

Hoja akautoa. Vidole vya kinyozi havikosi michubuko ya wembe. Vyake vilikuwa na mikato miwili mipya, mmoja mwekundu bado.

"Uliingiza huu?"

"Nilidhani amekabwa."

Mama Mapacha alikuwa ameshafika nje na jagi la maji na sabuni ya kipande. Akaanza kummiminia, na Hoja akasugua. Jagi likaisha, akaenda kujaza tena. Hakuna aliyemcheka. Hata yeye mwenyewe hakupata la kusema, na hilo lilikuwa jambo geni mtaani.

Maji ya tatu yalipokuwa yanamwagika, Hoja alisema kwa sauti ya chini, "Majibu ya maabara hayajatoka."

"Hayajatoka," Fundi alikubali.

"Inaweza kuwa mfuko kweli. Ulishuka chini zaidi, sikuufikia."

"Inaweza."

"Sasa majibu yakija yakasema hakuwa na ugonjwa?"

"Utakuwa umechomwa bure," Fundi alisema. "Na utanisimanga mpaka uzeeke. Sugua na katikati ya vidole, twende."

Wakaenda. Fundi alitangulia, maana njia aliijua.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Mbuzi alikuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Mtaalamu wa mifugo alipita mwenyewe kuwaambia, na kwa habari hiyo wakajua na habari ya mbwa aliyekimbia. Wakati huo Hoja alikuwa ameshapata sindano mbili, na zilizobaki alizifuata bila kukumbushwa. Mwezi uliofuata mbwa wa mtaa walichanjwa, pamoja na wale wasio na mwenyewe, kwa sababu watu wawili walizunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza wenzao. Mmoja alibeba kamba. Mwingine alikuwa na mdomo, na kwa kazi hiyo ulitosha.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Mama Mapacha alikuwa akienda sokoni. Alipita nyuma ya kwa kinyozi. Ndani kulikuwa na ugomvi. Mmoja alisema Hoja afuge kuku badala ya mbuzi. Mwingine alimtaka alete sababu, na asilete sababu za kuokota kwenye simu. Wateja walikuwa wakicheka. Mama Mapacha hakusimama kusikiliza nani anashinda. Alisikia sauti ni mbili, ya Fundi na ya Hoja, wote wazima, akaendelea na njia yake.